Mtoto Mchanga na Mfuko wa Salfa: Neno Juu ya Kinga ya Mvua



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumzia mambo mazito: bei ya korosho, migogoro ya mashamba, uchaguzi, ulinzi wa mpaka wetu na Msumbiji. Safari hii tunaomba mtuvumilie tuzungumzie jambo linaloonekana dogo. Tunauliza: mvua inaponyesha na mama yuko njiani, mtoto aliye mgongoni hufunikwa na kitu gani? Na kitu hicho kimetoka wapi?

TUTAZAME HALI ILIVYO

Mvua za kwetu huja kwa msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na pengine huvuka hadi Mei. Zikishuka hazina simile. Tunakumbuka Aprili 2019, wakazi wa Mtwara walipoambiwa wajihifadhi kwa sababu ya kimbunga Kenneth, ambacho hatimaye kiliangukia ndugu zetu wa upande wa pili wa Ruvuma. Tunakumbuka pia Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mvua kubwa hata barabara ya kwenda Dar es Salaam ikakatika huko Somanga. Lakini hata katika mwaka usio na kimbunga, mama wa Kitaya, wa Mahurunga, wa Kilambo au wa Msimbati hana budi kutoka. Kliniki ina siku yake, shamba lina siku yake, soko lina siku yake, na Jumapili ni ya Bwana. Mvua haimwombi ruhusa.

Huko Ulaya na Marekani wazazi wengi huwasukuma watoto wao katika vigari vidogo, na mvua ikinyesha huvifunika kwa plastiki inayoonyesha ndani. Siku hizi wazazi hao huuliza iwapo plastiki ile inamdhuru mtoto anayeivuta harufu yake na kuitia mdomoni. Msomaji wa huku aweza kusema kwamba hilo ni swali la matajiri, kwa maana sisi hatuna vigari. Ni kweli, kwetu kigari ni mgongo wa mama na ubeleko. Lakini mtoto ni yuleyule, ngozi ni ileile, na plastiki ni plastiki. Tofauti ni kwamba mzazi wa kule huchagua dukani, na mama wa kwetu hutumia kilichopo.

Na kilichopo ni nini? Mwenye mwavuli hutumia mwavuli. Asiye nao hutandika kanga ya pili juu ya ubeleko, nayo hulowa kabla hajafika njia panda. Wengine hutafuta nailoni, na katika nchi ya korosho nailoni iliyo karibu zaidi ni ile iliyoletwa na mikorosho yenyewe. Salfa ya unga huja katika mifuko ya kilo 25. Hupuliziwa mikorosho tangu Mei au Juni hadi Septemba, na ikiisha mifuko hubaki: mingine shambani, mingine darini, mingine nyuma ya jiko. Miezi miwili baadaye mawingu hukusanyika. Msimu wa mikorosho huacha mifuko, na msimu wa mvua huitafuta. Mfuko huo ukipasuliwa ubavuni na pembe moja ikasukumwa ndani ya nyingine, kofia imepatikana, na mtoto amefunikwa tangu kisogoni hadi miguuni. Ni ubunifu wa mtu asiye na njia nyingine, na wala hatumcheki aliyeubuni.

Lakini ni wajibu wetu kusema kwamba kofia hiyo haimfai mtoto.

KILICHOMO NDANI YA MFUKO

Mkorosho ni uhai wetu. Ndio uliosomesha watoto wengi wa mikoa hii ya kusini na kuezeka bati nyumba zao, na katika msimu wa 2017/2018 nchi yetu ilivuna zaidi ya tani 300,000 za korosho ghafi. Lakini mti huu una adui wake. Ugonjwa wa ubwiriunga uliripotiwa nchini mwaka 1979, ukaenea, ukaunguza maua na machipukizi. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele, hapa Mtwara, walifanya kazi kubwa ya kutafuta njia za kuuzuia, na salfa ikawa ndiyo silaha iliyoenea. Juu ya ubwiriunga wako wadudu, miongoni mwao mbu wa mikorosho, nao hupuliziwa viuatilifu vya maji. Hatusemi mkulima aviache vitu hivi. Tunachosema ni kwamba avijue.

Salfa si sumu kali kama zilivyo nyingine, na ni haki kulisema hilo wazi ili tusiwatishe watu bure. Hata hivyo kila aliyewahi kupulizia mikorosho bila kujifunika uso anajua jinsi unga ule unavyochoma macho, unavyowasha ngozi, na unavyokaba koo. Huyo ni mtu mzima, na kazi ile ameifanya kwa saa chache, penye upepo. Unga huohuo hujificha katika mikunjo ya mfuko na katika mshono wake. Ukilowa kwa mvua hutelemka, na unapotelemkia ni kwenye paji la uso wa mtoto, kope zake, na midomo yake.

Viuatilifu vya maji ni jambo jingine, la hatari zaidi. Baadhi yake hushambulia mishipa ya fahamu ya mdudu, na ndivyo vinavyomwua. Vifungashio vyake, yaani chupa, madumu na nailoni, havisafiki kwa kusuuzwa mara moja kisimani. Na mfuko uliokuwa wa salfa tu huenda ulilazwa ghalani pamoja na madumu hayo, au ukatumika kubebea kitu kingine ambacho mama hakijui. Anachouona ni mfuko mtupu, kwa kuwa historia ya mfuko haiandikwi juu yake.

Mtoto mchanga naye si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Ngozi yake ni nyembamba, na ikilinganishwa na uzito wake, ni kubwa kuliko ya mtu mzima, kwa hiyo kinachopenya huingia kwa wingi zaidi. Hupumua haraka, na kwa kila kilo ya mwili wake huvuta hewa nyingi kutupita sisi. Kila kilicho karibu hukitia mdomoni. Ini na figo zake hazijakomaa kuondoa kilicho kibaya. Kiasi ambacho baba yake hakihisi chaweza kuwa kingi kwake.

Kuna hatari mbili zaidi. Ya kwanza ni hewa na joto. Nailoni haipitishi hewa, na pwani yetu mvua ikikatika jua huwaka papo hapo. Mtoto aliyefungwa ndani ya nailoni, kichwa na uso, huweza kupata joto kupita kiasi na kukosa pumzi huku mama, aliyempa mgongo, asione. Ya pili inahusu hata plastiki mpya za dukani. Plastiki laini iitwayo pivisi, ile yenye harufu kali inapofunguliwa, mara nyingi hulainishwa kwa kemikali ambazo wataalamu huziita thaleti. Kemikali hizo hazikushikamana na plastiki daima, hutoka polepole. Kwa sababu ya wasiwasi juu ya afya ya watoto, Jumuiya ya Ulaya ilizuia kwa muda baadhi yake katika vitu vya kuchezea vinavyotiwa mdomoni mwaka 1999, ikaweka sheria ya kudumu mwaka 2005, na Marekani ikafuata mwaka 2008. Kwa hiyo harufu kali ni onyo, ingawa kukosekana kwa harufu hakutoshi kuwa uthibitisho wa usalama.

TUPIME KWA MWANGA WA IMANI

Maandiko Matakatifu yanamjua mama aliyelikabili swali hili. Katika kitabu cha Kutoka, mamaye Musa alisuka kisafina cha mafunjo na kukipaka lami ili maji yasimfikie mwanawe. Alikuwa mtumwa, mfalme alikuwa amekwisha kutoa amri watoto wa kiume waangamizwe, na mikononi mwake hakuwa na kitu ila majani ya mtoni. Tunaona mambo mawili. La kwanza, Mungu hakuidharau kazi ya mikono ya mama maskini. Wokovu wa taifa zima ulielea ndani ya kikapu. La pili, hatari iliyomzunguka mtoto haikutoka kwa mama. Ilitoka kwa Farao. Anayemlaumu mama mwenye mfuko wa salfa na kumsahau aliyeuacha mfuko ule mlangoni pake, hajaisoma habari hii hadi mwisho.

Bwana wetu naye aliuliza ni baba gani ambaye mwanawe akimwomba samaki atampa nyoka. Alitegemea jibu kwamba hayupo. Nasi twasema vivyo hivyo: hayupo mama wa Mtwara anayetaka kumvika mwanawe sumu. Akifanya hivyo, basi ama hajaambiwa, ama hana jingine. Na kila penye mtu asiyeambiwa yupo aliyepaswa kumwambia. Hapo ndipo haki inapoanza kuuliza maswali yake.

Tutazame pia lugha yetu wenyewe. Tumezoea kusema "dawa ya mikorosho." Dawa ni neno zuri; dawa ni kitu kinachoponya. Mtoto anayesikia nyumbani kwamba kwenye mfuko ule kulikuwa na dawa, aogope nini? Mama aliyepewa dawa hospitalini na dawa ghalani, kwa jina lilelile, atofautishe kwa lipi? Tunawaomba wahubiri, walimu na viongozi wa vyama vya msingi walitumie neno lake halisi bila haya: hiyo ni sumu, inayotusaidia inapokaa mahali pake, na inayotudhuru inapotoka humo.

Wapo watakaotujibu kwamba mtoto aliyelowa hupoteza joto upesi na kuugua, na kwamba afadhali mfuko wa salfa kuliko mvua. Hoja hii ina uzito, wala hatuipuuzi, hasa kwa mtoto aliyezaliwa juzi. Lakini inatuweka kati ya maovu mawili kana kwamba la tatu halipo. Wajibu wa jumuiya ya Kikristo ni kulitafuta hilo la tatu, na kulifikisha kwenye nyumba ya asiyekuwa nalo.

Na ikiwa yupo anayedhani tunakuza jambo, akumbuke yaliyotokea India. Julai 2013, katika jimbo la Bihar, watoto 23 wa shule moja ya msingi walikufa baada ya kula chakula cha mchana walichopewa shuleni. Uchunguzi ulikuta kwamba mafuta ya kupikia yalikuwa na kiuatilifu kiitwacho monokrotofosi, na ilielezwa kwamba mafuta hayo yalikuwa yametiwa katika chombo kilichokuwa na sumu hiyo. Chombo kitupu, kilichoonekana bado ni kizima, kikapewa kazi nyingine. Kofia ya salfa si sufuria ya Bihar, na hatusemi madhara yake ni sawa. Ila mlango ulioingiza mauti kule ndio huohuo ulio wazi huku.

NANI ANADAIWA?

Tuseme bila kuzunguka: deni hili halianzii kwa mama. Linaanzia kwa wale wanaotengeneza, wanaoingiza, wanaogawa na wanaouza viuatilifu. Mnyororo wa kuvileta ni imara. Meli hufika bandarini, malori hufika wilayani, na katika miaka ya karibuni pembejeo za ruzuku zimewafikia wakulima kijijini kupitia vyama vyao. Mnyororo wa kuvirudisha vifungashio uko wapi? Mfuko umejua njia ya kuja Mahurunga. Mbona haujui njia ya kurudi?

Dunia imekwisha kulitambua jambo hili. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilipitisha mwongozo wa mwenendo juu ya viuatilifu mwaka 1985, nao umerekebishwa mara kadhaa tangu hapo. Mwongozo huo unayataka makampuni na serikali yazuie vifungashio vitupu visitumiwe tena kwa mambo mengine. Hapa nchini tunayo Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2020. Hatukosi vyombo wala maandishi. Kinachotakiwa ni maandishi hayo yashuke hadi mlangoni pa ghala la kijiji.

Na kwamba jambo hili linawezekana, ushahidi upo. Mkorosho wenyewe ulitoka Brazili, ukaletwa Afrika ya Mashariki na Wareno katika karne ya 16. Brazili hiyohiyo ilitunga sheria mwaka 2000 inayomlazimu mkulima kurudisha vifungashio vitupu vya viuatilifu, muuzaji kuwa na mahali pa kuvipokea, na mtengenezaji kuvichukua na kuviteketeza au kuvirejesha kiwandani kwa njia salama. Leo sehemu kubwa sana ya madumu yao hurudishwa. Tulipokea mti kutoka kwao. Hatuoni aibu yoyote kupokea na busara hii.

Serikali yetu nayo imeonyesha kwamba ikitaka huweza. Tarehe 1 Juni 2019 ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na madukani mifuko ile ya rambo ikapotea. Tuliipongeza hatua hiyo kwa ajili ya bahari yetu, mikoko yetu na hifadhi ya Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Ruvuma. Lakini vifungashio vya kilimo havikuhesabiwa katika marufuku ile, na si rahisi vihesabiwe, kwa sababu mkulima anavihitaji. Basi kisichoweza kukatazwa sharti kikusanywe. Vinginevyo tutakuwa tumemwondolea maskini mfuko uliobeba sukari na kumwachia uliobeba sumu.

TUTENDE

Imani isiyo na matendo imekufa. Tunapendekeza yafuatayo, kila mtu kwa nafasi yake.

Kwa wazazi: mfuko, nailoni au dumu lililobeba kiuatilifu chochote lisimguse mtoto, hata likioshwa mara saba. Lisitumike kubebea unga, maji wala nguo. Tazameni utepe wa rangi ulio chini ya lebo: nyekundu ni sumu kali sana, kisha njano, kisha buluu, kisha kijani. Hata kijani si nguo ya mtoto. Kinga iliyo bora ni mwavuli, kwa kuwa huzuia maji na kuiacha hewa. Ikibidi nailoni, iwe mpya, nyepesi, isiyo na harufu kali, ioshwe na kuanikwa kabla ya kutumika. Ikae juu ya kanga na si juu ya ngozi. Uso wa mtoto ubaki wazi. Na mvua ikikatika iondolewe mara moja. Na mama asione haya kubisha hodi na kungoja barazani kwa mtu hadi mvua ipite.

Kwa akina mama wa WAWATA: iko kinga ya zamani isiyohitaji kiwanda. Kitambaa cha pamba kilichofumwa sana, kikipakwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa taratibu katika chombo kilichowekwa ndani ya maji ya moto, kisha kikapitishiwa pasi ya vuguvugu juu ya karatasi ili nta iingie katika nyuzi, hufukuza maji. Kisianikwe juani wala kuwekwa karibu na moto, na kipakwe upya kinapochoka. Nta ipo mikoani kwetu, vyerehani vipo parokiani, na mikono ipo. Kila kikundi kikishona vichache kila mwaka kwa ajili ya akina mama waliojifungua katika jumuiya zao, na vingine kwa ajili ya kuuza, kitakuwa kimetenda haki na kujipatia mapato.

Kwa wakulima na vyama vya msingi: mifuko mitupu isiletwe nyumbani. Chupa na madumu ya viuatilifu vya maji yasuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yarudishwe ndani ya bomba la kupulizia, kisha chombo kitobolewe kisiweze kutumika tena. Tusisuuzie mtoni wala kisimani. Tusichome mifuko ya salfa ovyo, kwani moshi wake hukaba. Kila chama kitenge chumba chenye kufuli cha kukusanyia vifungashio, na katika mkutano mkuu wanachama waulize: yatakayoletwa msimu ujao, nani atakuja kuyachukua? Swali hilo liandikwe katika kumbukumbu za mkutano.

Kwa wenye mamlaka: zahanati zetu ziwe na kibanda cha kungojea, ili mama asilazimike kukimbia mvuani na mtoto. Siku ya kliniki yatolewe maneno machache juu ya mifuko hii. Na mkataba wa kununua pembejeo uwe na kifungu cha kurudisha vifungashio. Hilo halihitaji bajeti ya pekee. Linahitaji sentensi moja kabla ya sahihi.

Katika yote haya tushirikiane na ndugu zetu Waislamu, ambao ndio wengi katika vijiji vya pwani. Mvua haiulizi dini ya mtoto, na unga wa salfa hauulizi. Shehe na katekista wakisimama pamoja mbele ya ghala la kijiji, neno lao litasikika.

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Sisi tungependa kuongeza kwamba kulea si kazi ya mama peke yake. Anayevuna korosho, anayeipima, anayeiuza ng'ambo, na anayeleta mifuko ile kutoka ng'ambo, wote wanamlea mtoto yule aliye mgongoni, wakijua au wasijue. Mungu atujalie kujua.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika nyumba zetu, mifuko na madumu ya viuatilifu yako wapi sasa hivi? Yanatumika kwa kazi gani?

2. Ni akina mama gani katika jumuiya yetu hawana mwavuli wala kinga nyingine ya mvua? Tutafanya nini kabla ya Desemba?

3. Chama chetu cha msingi kimeweka utaratibu gani wa kurudisha vifungashio? Kama hakuna, nani kati yetu atalisema jambo hili mkutanoni?